Shajara ya mradi: korosho zimepita, ubuyu bado

Januari

Mradi ni huu: kuingiza Uingereza vitafunwa vya nyumbani vikiwa vimefungwa na kuwekewa lebo, tuviuze kwenye maduka ya Waafrika na Wahindi hapa Reading, Slough na sehemu za London. Si kwa mabegi ya wasafiri. Vipitie bandarini, na karatasi zote mkononi. Orodha ya kuanzia ina korosho za kukaanga za Mtwara, krispi za muhogo za Dar es Salaam, kashata za karanga, vileja, na ubuyu wa Unguja anaopika shangazi.

Kila mwenye duka niliyeongea naye ameulizia ubuyu kwanza. Korosho wanazo tayari, kutoka India na Vietnam, kwa bei nitakayohangaika kuifikia. Ajabu ni kwamba nyingine zilitoka kwetu zikiwa ghafi, zikabanguliwa huko, ndipo zikaja kuuzwa hapa kama za huko.

Ushuru wa forodha umenipa moyo. Tangu 19 Juni 2023 Uingereza ina mpango mpya wa biashara na nchi zinazoendelea, na Tanzania imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni: ushuru sifuri, mradi uthibitishe kwamba bidhaa asili yake ni Tanzania. VAT ndiyo kioja. Chakula kingi hapa hakitozwi, lakini vitafunwa vina sheria zake. Krispi za viazi mviringo zinatozwa asilimia 20. Krispi za muhogo hazitozwi, kwa sababu sheria imetaja viazi na nafaka zilizofurishwa, muhogo hawakuufikiria. Korosho mbichi sifuri. Ukizikaanga au ukizitia chumvi, asilimia 20. Kashata na ubuyu ni peremende machoni pa sheria, asilimia 20 pia. Na kwa kuwa mauzo yetu hayatakaribia pauni 90,000 kwa mwaka, ambacho ndicho kiwango cha lazima cha kujisajili, VAT ya bandarini tutaimeza wenyewe, maana asiyesajiliwa harudishiwi. Hii tumeiingiza kwenye bei mapema.

Februari

Vileja vimetoka kwenye orodha. Shangazi anavipika kwa samli, na hapo ndipo vinapokwama. Samli ni zao la mnyama, na chakula kilichochanganywa na zao la mnyama hakipiti ila zao hilo liwe limetoka nchi na kiwanda vilivyoidhinishwa. Samli ya shangazi inatoka kwa jirani mwenye ng'ombe nyuma ya nyumba. Nilipompigia kumweleza alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo ng'ombe wa watu naye akatafute paspoti?"

Ndiyo hivyo, shangazi. Kashata za maziwa zimetoka kwa sababu hiyohiyo. Zimebaki za karanga na sukari peke yake.

Usajili wa biashara ya chakula kwenye halmashauri umekwisha. Ni bure, unajaza fomu mtandaoni, sharti ufanye angalau siku 28 kabla ya kuanza kuuza, na halmashauri haina uwezo wa kukukatalia. Baadaye anakuja afisa. Wetu alikuja, akaangalia chumba cha kuhifadhia, akagusa sakafu, akauliza kuhusu panya, kisha akakaa akauliza swali moja ambalo naona ndilo lililomleta: "Kesho nikikuambia pakiti hizi zina tatizo, utanionyesha ulinunua kwa nani na ukamuuzia nani?" Nikamfungulia jedwali: namba ya toleo, tarehe, aliyetengeneza, duka lililochukua. Akaridhika. Sheria inataka hatua moja nyuma na moja mbele, basi. Wengi wetu tunadhani afisa anakuja kutafuta uchafu. Huyu alikuja kutafuta daftari.

Machi

Mwezi wa lebo. Sikutegemea ungekula muda kiasi hiki.

Lebo ya Uingereza inataka jina la chakula, orodha ya viambato kuanzia kilicho kizito zaidi kwenda kilicho kidogo, vizio, yaani vitu vinavyomdhuru mwenye mzio, vikolezwe wino ndani ya orodha hiyohiyo (viko 14 kisheria; kwetu vinavyohusika ni karanga, na korosho, ambayo iko kundi la njugu za mitini), uzito halisi, tarehe, jinsi ya kuhifadhi, nchi ilikotoka pale inapohitajika, na jedwali la virutubishi kwa gramu 100. Tangu Januari 2024 lazima pia iwepo anwani ya mhusika aliyeko Uingereza. Anwani ya Mtwara peke yake haitoshi. Herufi ndogo isiyo na mkia, kama x, isipungue milimita 1.2. Namba ya uzito kwa pakiti ya gramu 80 isipungue milimita 3. Belfast tumeiacha kwa sasa, maana Ireland ya Kaskazini inafuata kanuni za chakula kwa namna yake na anwani ya Reading haitoshi huko.

Yote hayo unaweza kuyakaa chini ukayafuata. Kazi imekuwa kupata cha kuandika. Nilimwomba shangazi anitumie vipimo vya kashata kwa sauti, akatuma:

"Mwanangu, sukari vikombe vine, karanga kiasi chake, iliki ukitaka, chumvi chembe. Ukiona imeshika, mimina."

Karanga kiasi chake. Sheria inataka asilimia, kwa sababu karanga zimo kwenye jina la chakula. Binamu yangu akanunua mzani wa kidijitali, akawa anapima kila sufuria kabla shangazi hajamimina. Sufuria ya kwanza karanga zilizidi sukari. Ya pili sukari ikazidi karanga. Maana yake si asilimia tu inayobadilika, bali hata mpangilio wa orodha: kinachotajwa kwanza leo kesho kinatajwa cha pili, na lebo moja haiwezi kuwa kweli kwa zote mbili. Kashata zote mbili zilikuwa tamu, hilo halina ubishi.

Tulikubaliana kwa taabu. Shangazi amepika kwa jicho miaka na miaka, na mtu kumletea mzani jikoni kwake aliona ni kumkosea adabu. Binamu ndiye aliyemlainisha: vipimo vikabandikwa ukutani juu ya jiko, kwa gramu, na yeye shangazi ndiye aliyechagua sufuria ipi iwe kiongozi. Alichagua yenye karanga nyingi. Tangu siku hiyo kila sufuria ina namba, na namba hiyo ndiyo inayopigwa kwenye pakiti.

Virutubishi havikulazimu maabara. Inaruhusiwa kukokotoa kutokana na takwimu zinazokubalika za kila kiambato, na ukishakuwa na vipimo vya kweli hesabu hiyo ni ya jioni moja. Uzito nao una kanuni zake, na mwagizaji ndiye anayebanwa: kwa pakiti ya gramu 80, wastani wa shehena usishuke chini ya 80, ni pakiti chache tu zinazoruhusiwa kuwa chini ya 75.5, na isiwepo hata moja chini ya 71. Mfungaji wetu wa Mtwara alikuwa anapima kwa kikombe. Sasa anapima kwa mzani na kuandika.

Msimbo wa mistari (barcode) watengenezaji wetu wanao tayari wa Tanzania, ule unaoanza na 620. Huo unasomeka kila duka, hatukugusa.

Aprili

Sumukuvu.

Jikoni shangazi huchambua karanga kwa macho, na anaonunua kwao nao huchambua. Lakini kwa macho huwezi kuona kipimo kinachotakiwa hapa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu aflatoksini B1, aina kali ya sumukuvu, mpaka mikrogramu 5 kwa kilo, na jumla ya aina zote mpaka 10. Uingereza, kwa karanga zilizo tayari kuliwa, ni 2 na 4. Kwa hiyo karanga inaweza kuwa halali kabisa sokoni Dodoma, ikawa haramu ikifika bandari ya Felixstowe.

Shehena ya kwanza tuliyopima ilikuwa hivyo hasa: B1 chini ya 5, juu ya 2. Muuzaji hakuamini, akasema maabara inamuonea. Haimuonei. Na wala si mambo ya Wazungu kujifanya wanajua: mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine kufa kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Tofauti ni mstari umechorwa wapi.

Tulichojifunza kwa watu wa maabara ni kwamba sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizonyauka au kubadilika rangi zinaweza kubeba karibu yote, na nyingine zote zikawa safi. Ndiyo maana sampuli haichotwi juu ya gunia moja. Inachotwa kidogokidogo sehemu nyingi, ikachanganywa, ikasagwa. Na ndiyo maana kuchambua kunasaidia kweli, hasa ukishamenya ganda jekundu, kwa kuwa punje mbaya zinajionyesha zaidi. Kukaanga hakuiondoi yote, kusikupe matumaini.

Shehena ya pili tulinunua karanga zilizokaushwa juu ya turubai, si chini ardhini, zikamenywa na kuchambuliwa mara mbili. Imepita chini ya 2. Bei yake kwa kilo imepanda, na zile zilizokataliwa hazikutupwa, zilirudi kwa muuzaji, akaziuza kwingine. Hilo halinifurahishi, lakini sina mamlaka nalo.

Korosho zilipimwa pia kwa kipimo kilekile, zikapita mara ya kwanza. Korosho hazijatusumbua popote. Za daraja la W320, yaani korosho nyeupe nzima, zimekaangwa, chumvi, basi. Kiambato kimoja na nusu.

Mwisho wa Aprili

Krispi za muhogo: swali lilikuwa mafuta. Lebo hairuhusu "mafuta ya mimea" tu ikaishia hapo. Lazima utaje mmea. Mkaangaji wetu hutumia alizeti za Singida bei ikiwa nzuri, mawese ikipanda. Tumeandikiana: alizeti peke yake kwa mzigo wetu, na tofauti ya bei tunalipa sisi. Sumu ya asili ya muhogo tumepima ingawa hakuna aliyetuuliza. Australia wana kikomo cha miligramu 10 kwa kilo kwa krispi za muhogo, tukatumia hicho kujihukumu. Mkaangaji anatumia muhogo mtamu, majibu yamekuja chini sana.

Mei

Sasa ubuyu, na kwanza rangi.

Nilimwomba shangazi anipigie picha ya kopo la rangi anayotumia. Ilikuja picha ya kimfuko cha nailoni kimefungwa fundo, ndani unga mwekundu, hakuna maandishi. Amenunua soko la Darajani kwa muuzaji wake wa siku zote. Nikamwambia kwa heshima zote, shangazi, hiki sitaweza kukitetea. Rangi isiyo na jina inaweza kuwa ya chakula, inaweza kuwa ya mikeka. Na Uingereza hawajasahau mwaka 2005, pale pilipili ya unga iliyotiwa Sudan I, rangi ya viwandani, ilipoingia kwenye sosi na mamia ya bidhaa zikaondolewa madukani. Ubuyu wetu una pilipili ya unga ndani yake, kwa hiyo nayo inabidi ipimwe.

Wiki ile ile binamu akapata kopo halali, lenye lebo. Ndani ni rangi zenye namba E122 na E110. Zote mbili zinaruhusiwa, kwa viwango vyake, ila zimo kwenye zile rangi sita ambazo baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton wa 2007 ziliwekewa sharti: tangu Julai 2010 chakula chenye mojawapo lazima kiandikwe kwamba rangi hiyo inaweza kuathiri vibaya utulivu na umakini wa watoto. Uandike hivyo kwenye kitu ambacho wanunuzi wake ni watoto. Wenye maduka wawili wameniambia wazi hawataweka.

Kwa hiyo tunatafuta wekundu kwingine. Shangazi amejaribu maua ya rozela yaliyokaushwa na kusagwa. Ubuyu una uchachu wa kutosha, na uchachu unaishikilia ile rangi, lakini moto unaiharibu; akiitia mapema kwenye sukari inayochemka inageuka kahawia. Akiitia mwisho, sufuria ikishaepuliwa, inabaki. Si ule wekundu wa kupaka ulimi na kanzu. Ni damu ya mzee. Picha aliyotuma ilikuwa na maneno mafupi: "Haya, umeridhika?" Nimeridhika. Yeye bado, anasema mtoto wa Unguja ukimpa huo atauliza kama umeoza.

Juni

Kumbe rangi ilikuwa jambo dogo.

Chakula ambacho hakikuliwa kwa wingi Ulaya kabla ya 15 Mei 1997 kinahesabiwa chakula kipya, na hakiuzwi bila idhini. Uingereza ilibaki na kanuni hiyo baada ya kutoka Umoja wa Ulaya. Ubuyu una idhini ya 2008, na nilipoiona mara ya kwanza nilidhani tumemaliza. Lakini idhini ni ya nyama ya tunda iliyokaushwa, na maelezo yake yanaeleza jinsi inavyopatikana: ganda linavunjwa, nyama inatenganishwa na mbegu, inasagwa, inapangwa kwa ukubwa wa chembe. Yaani unga. Ule unaouzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya kwa bei ya dhahabu ndio huo.

Wetu ni mbegu. Nyama imeshikamana na mbegu, sukari juu yake, pilipili, unamung'unya halafu unatema. Mbegu hailiwi, sawa, lakini imo kwenye pakiti na kwenye kinywa, imepikwa humo, na idhini haiisemi. Je, ni kitu kilekile kilichoidhinishwa? Nimesoma maandishi yale mara nyingi na sioni pa kujibu ndiyo kwa uhakika. Nimeona ubuyu wa mbegu ukiuzwa hapa kwenye maduka fulani, na kila mtu ananiambia mbona fulani anauza. Fulani akikamatwa hatanitaja, na mimi nikikamatwa sitakuwa na la kujitetea kwa kumtaja yeye.

Kuna njia rasmi ya kuuliza: unapeleka maelezo kwa Food Standards Agency, wakala wa serikali wa viwango vya chakula, wao wanaamua kama ni chakula kipya au la. Unatakiwa kuonyesha ushahidi wa kuliwa kwa wingi kabla ya 1997. Mama zetu wa Unguja na Mombasa waliokuja miaka ya sabini na themanini wote walikuja na ubuyu kwenye masanduku yao, naweza kujaza ukumbi kwa mashahidi. Lakini sanduku la mama si biashara, halina risiti. Tunakusanya tunachoweza: ankara za zamani za maduka, kama yupo aliyezihifadhi.

Wakati huohuo shangazi amepewa kazi nyingine. Nyama ya ubuyu itenganishwe, isagwe, ichanganywe na sukari, rozela na pilipili, ifinyangwe vidonge. Hakuna mbegu, hakuna swali. Alinyamaza kidogo kwenye simu. "Sasa watoto watatema nini?"

Julai

Mzigo wa kwanza umeingia: korosho, krispi, kashata. Kontena la kuchangia na watu wengine, kutoka Dar. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi ziendazo Ulaya zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kila wiki baharini inakatwa kwenye muda wa krispi kukaa dukani. Krispi zilifungwa siku za mwisho kabisa kabla ya kontena kufungwa, kwa makusudi. Korosho zilikuwa zimetangulia, zenyewe zinavumilia.

Forodhani tulishikwa kidogo. Wakala mmoja wa usafirishaji aliandika bidhaa zote kwa mstari mmoja, "vitafunwa mchanganyiko". Huwezi. Kila bidhaa ina msimbo wake wa ushuru na VAT yake, na krispi za muhogo ambazo hazitozwi zilikuwa zimelazwa kitanda kimoja na korosho zinazotozwa. Tamko likasahihishwa, cheti cha asili kikaonyeshwa, majibu ya sumukuvu yakaombwa na yakawa tayari kwenye faili. Gharama ya kuhifadhi ya siku hizo wakala ameilipa, baada ya barua pepe kadhaa.

Katoni moja ya kashata ilifika imelowa pembeni. Sukari ikivuta unyevu kashata zinalia, zinanata kwenye nailoni. Hizo haziuzwi. Mzigo ujao tunatumia mfuko mzito zaidi na kimfuko cha kufyonza unyevu kwenye kila katoni.

Agosti

Krispi zinakwenda kuliko nilivyodhani, na wanaonunua zaidi si Waswahili, ni Waghana na Wajamaika. Korosho polepole kwa sababu ya bei. Kashata zinanunuliwa zaidi siku za Ijumaa. Kila duka bado linaulizia ubuyu, na kila duka nalijibu lilelile.

Sampuli ya vidonge vya shangazi imeondoka Unguja kwenda maabara: sumukuvu, rangi ya Sudan kwenye pilipili, unyevu wa unga ulinganishwe na ule ulioandikwa kwenye idhini. Barua kwa Food Standards Agency kuhusu ubuyu wa mbegu nayo imekwenda, na nakala za ankara mbili tu tulizopata. Lebo ya vidonge sijaipeleka kwa mchapaji. Shangazi ameshabadilisha kiasi cha pilipili tena, na binamu bado hajapima.